Vitufe Vitatu na Mwenye Fremu

Katika kompyuta nyingi zinazoendeshwa na Linux kuna mstari mfupi wa maandishi ambao mwenye mashine anaweza asiuone hata mara moja: menu:minimize,maximize,close. Mstari huo umehifadhiwa pamoja na mipangilio mingine, na kazi yake ni kuamua vile vitufe vidogo vya juu ya dirisha, cha kulishusha, cha kulitanua na cha kulifunga, vikae upande gani na vifuatane vipi. Siri yake yote imo kwenye nukta mbili. Nukta mbili zinasimama badala ya jina la dirisha lililo katikati ya upau: neno lililotangulia nukta hizo huenda kushoto, lililozifuata huenda kulia, na neno lisiloandikwa hutoweka pamoja na kitufe chake. Mtoto wa darasa la nne angeuelewa kwa dakika moja. Hata hivyo mstari huu mdogo umewahi kugombanisha watu wazima, umewahi kumlazimisha tajiri mwenye kampuni kujieleza hadharani, na mpaka leo haujapata kikao cha kudumu. Wanaosimulia ugomvi huo husimulia habari ya kushoto na kulia, kana kwamba swali lilikuwa mkono gani ni mwepesi zaidi. Naona wanaiangalia historia hii kwa pembe isiyofaa. Swali lililoamua kila kitu tangu mwanzo ni jingine: ni nani anayeichora fremu ya dirisha? Mjini tunasema mfanyabiashara amepanga fremu, na kila mpangaji anajua kwamba bidhaa ni zake ila mlango, geti na kibao cha juu vina mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwenye skrini.

Chanzo chake ni uamuzi uliofanywa kabla Linux haijazaliwa. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa madirisha walioupa jina la herufi moja, X. Uliitwa hivyo kwa kuwa ulitokana na mfumo wa awali wa Stanford ulioitwa W. Gettys alikuwa kwenye Mradi wa Athena, uliofadhiliwa na DEC na IBM, na lengo la mradi lilikuwa kuwawezesha wanafunzi kutumia mashine za makampuni tofauti kana kwamba ni mashine moja. Katika hali hiyo kuamua sura ya skrini kungekuwa kujitafutia ugomvi na kila mfadhili. Waundaji wa X wakashika kanuni iliyopata umaarufu baadaye: mfumo utoe nyenzo, usitoe amri za namna ya kuzitumia. Seva ya X ilijua mistatili, mistari, rangi na mibofyo ya kipanya. Haikujua kitufe cha kufunga ni nini wala kwa nini mtu akitake. Kazi ya kupanga madirisha na kuyavisha fremu iliachiwa programu ya kando, msimamizi wa madirisha, ambaye mbele ya seva alikuwa programu kama programu nyingine yoyote. Unaweza kumfukuza na kumleta mwingine huku kazi zako zikiendelea kuonekana kwenye skrini.

Utaratibu wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hoja yangu yote inausimamia. Programu ya X inapotaka kuonyesha dirisha, seva haitekelezi mara moja, humjulisha kwanza msimamizi aliyejiandikisha. Msimamizi huunda dirisha lake mwenyewe, kubwa kidogo kuliko lile lililoombwa, kisha hulichukua la programu na kulitia ndani yake, kama picha inavyotiwa kwenye fremu ya mbao. Ukingo unaobaki pembeni na juu ndio mpaka na upau wa kichwa. Vitufe vimo kwenye ukingo huo, yaani katika eneo ambalo programu ya ndani hailimiliki na kwa kawaida haina haja ya kujua lina nini. Ukibofya alama ya kufunga, mbofyo unapokewa na msimamizi, naye ndiye anayeipelekea programu ujumbe wa kuiomba ijifunge. Linganisha na Macintosh ya mwaka huohuo wa 1984, au na Windows iliyotoka mwaka 1985. Huko fremu ilikuwa sehemu ya mfumo wenyewe, imechorwa na kampuni iliyouza mfumo, na mnunuzi aliikuta kama alivyoikuta rangi ya kasha la mashine. Uhuru wa kuhamisha vitufe kwenye X haukutolewa kama zawadi kwa watumiaji. Hakuna aliyekaa akasema watu wa Unix wanapenda sana kupangapanga. Uhuru huo ulidondoka wenyewe kutoka kwenye mgawanyo wa kazi, kwa sababu mchoraji wa fremu alikuwa mtu wa tatu, si mwenye mfumo wala mwenye programu, na mtumiaji ndiye aliyemwajiri.

Matunda yake yalionekana mapema. Wasimamizi wa kwanza, kama uwm, hawakuweka upau wa kichwa kabisa. Kuanzia mwaka 1987 Tom LaStrange aliandika twm, ambayo baadaye ikawa msimamizi wa kawaida aliyesafiri pamoja na X11. Upau wake ulikuja na kitufe cha kulishusha dirisha upande wa kushoto na cha kubadilisha ukubwa upande wa kulia. Cha kufunga hakikuwepo mpaka mtu akiongeze. Kukiongeza kulikuwa kazi ya mstari mmoja katika faili la mipangilio: unataja upande, unataja picha ya kitufe, unataja tendo. Mwaka 1993 Robert Nation aliichukua twm akazaa fvwm, na humo vitufe vikapewa namba, witiri kwa upande wa kushoto na shufwa kwa upande wa kulia, vikihesabiwa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nafasi zilikuwa kumi. Ni vigumu kufikiri dirisha linalohitaji vitufe kumi, lakini mwandishi wa fvwm hakuona kwamba ni kazi yake kukukataza, na watu wakavitumia kulikunja dirisha mpaka libaki upau tu, kulipandikiza kwenye kila eneokazi, na kadhalika. Hao ndio watu walioipokea Linux ya miaka ya mwanzo ya tisini, na desturi yao ya kuhariri faili la maandishi ndiyo iliyoupa mfumo ule sifa ya kuwa wa mafundi.

Kilichokuja kuupa mpangilio wa leo nguvu ya mazoea hakikutoka kwa mafundi hao. Mwezi Agosti mwaka 1995 Microsoft ilitoa Windows 95, na vitufe vitatu vikajipanga kwenye kona ya kulia: cha kushusha, cha kutanua na msalaba wa kufunga. Kabla ya hapo, hata ndani ya Windows yenyewe, mtu alifunga dirisha kwa kubofya mara mbili kisanduku cha kushoto. Macintosh ilikuwa na kisanduku chake cha kufunga kushoto. Mashine za NeXT ziliweka cha kushusha kushoto na cha kufunga kulia. Yaani hapakuwa na sheria ya asili iliyosema msalaba uwe kulia, palikuwa na bidhaa moja iliyouzwa mno. Wapenzi wa Linux waliokuwa wakiikejeli Microsoft mchana walikuwa usiku wakiinakili: tawi moja la fvwm liliitwa fvwm95 waziwazi, likifanana na Windows 95 mpaka kitufe cha kuanzia. KDE, eneokazi lililotangazwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, lilifuata mpangilio huo kwa kiasi kikubwa, na GNOME, eneokazi jingine lililoanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena mwaka 1997, likafika hukohuko. Tofauti moja ilibaki, na kwa hoja yangu ni tofauti kubwa: katika mifumo yote hiyo mpangilio wa Windows ulikuwa hali ya kuanzia tu. KDE ilimpa mtumiaji dirisha la mipangilio lenye mfano wa upau, na kitufe unakivuta kwa kipanya ukakiweka unapotaka. Xfce, eneokazi jingine, ilikuja na herufi: O|SHMC, ambapo mstari wa wima unasimama mahali pa jina la dirisha, C ni kufunga, M ni kutanua, H ni kuficha. Openbox, msimamizi wa madirisha, nayo ikawa na herufi zake. Lahaja tofauti za sarufi ileile.

Wa kwanza kuipinga desturi hii kwa hoja nzito alikuwa mtu wa ndani. Havoc Pennington aliandika Metacity, msimamizi aliyekuwa wa kawaida katika GNOME kuanzia toleo la 2.2 mwaka 2003, na katika andiko lake la mwaka 2002 kuhusu sura ya programu huria alidai kwamba kila chaguo unalompa mtumiaji lina gharama. Linapaswa kujaribiwa, na linapaswa kujaribiwa pamoja na machaguo mengine yote, kwa hiyo makosa yanaongezeka kwa kuzidishana. Linajaza dirisha la mipangilio hadi mtu asione anachokitafuta. Baya zaidi, linampa mwandishi njia ya kukwepa kufikiri: badala ya kutafuta mpangilio ulio sahihi, anaweka machaguo mawili na kuondoka. Hoja hii si ya kupuuzwa, na waliomwita Pennington adui wa uhuru hawakumsoma vizuri. Ni kweli kwamba wasimamizi wa zama zile walikuwa na vibonyezo vingi kuliko maana. Lakini tazama alichokifanya yeye mwenyewe. Aliufuta upambaji mwingi, akaondoa machaguo mengi kwenye madirisha ya mipangilio, na bado ule mstari wa nukta mbili ukawepo ndani ya hifadhi ya mipangilio ya GConf, bila kibonyezo cha kuutangaza. Kwa maneno mengine, gharama aliyoizungumzia ni ya chaguo linalosimama sebuleni. Chaguo lililowekwa stoo, lenye sarufi ya nukta mbili na maneno manne, hugharimu kidogo sana, na thamani yake haionekani mpaka siku mambo yanapogeuka.

Siku hiyo ilifika mwanzoni mwa Machi mwaka 2010. Ubuntu, mfumo wa Linux uliokuwa umeenea kuliko mingine kwenye kompyuta za mezani, ulikuwa ukitayarisha toleo 10.04, na mandhari yake mapya, Ambiance na Radiance, yalipofika kwa wajaribuji, vitufe vilikuwa vimehamia kushoto. Kingine kilichowashangaza ni kwamba havikufuata hata mpangilio wa Mac, ambako cha kufunga ndicho cha kwanza kutoka ukingoni. Kilianza cha kutanua, kikafuata cha kushusha, na cha kufunga kikaja cha tatu, ndani, karibu na jina la dirisha. Hakuna kundi kubwa la watumiaji popote duniani lililokuwa limezoea mfuatano huo. Ikafunguliwa taarifa ya hitilafu, namba 532633, ikiomba mpangilio wa zamani urudishwe, na ndani ya wiki chache ikajaa maoni kuliko ilivyo kawaida kwa jambo la sura. Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyeuanzisha mradi na kuulipia, alijibu mwenyewe. Alieleza kwamba upande wa kulia ulikuwa unaachwa wazi makusudi kwa ajili ya mambo yatakayokuja, na alipoambiwa kwamba wengi hawataki, alijibu kwamba maamuzi ya usanifu katika Ubuntu hayapigiwi kura. Kwa mfumo uliobeba jina lenye asili moja na neno letu utu, jibu hilo liliwauma watu kuliko vitufe vyenyewe.

Tuwe waadilifu kwake. Usanifu wa kura ni usanifu mbovu, na kila mradi mkubwa una watu wanaoamua. Hoja zake za upande wa kushoto nazo hazikuwa za kijinga: menyu za programu ziko kushoto, macho ya asomaye kwa herufi za Kilatini huanzia kushoto, na tangu utafiti wa Paul Fitts wa mwaka 1954 inajulikana kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake, kwa hiyo kuvikusanya vitu vinavyotumika pamoja kunapunguza safari ya kipanya. Udhaifu ulikuwa mahali pengine. Kile kilichoachiwa nafasi upande wa kulia, viashiria vya dirisha alivyovitangaza Mei 2010, baada ya toleo kutoka, hakikuwahi kufika mikononi mwa watumiaji. Watu waliombwa kuhama nyumba ili pajengwe barabara ambayo haikujengwa. Hata hivyo kelele zilizaa kitu. Kabla ya toleo kutoka tarehe 29 Aprili, mfuatano ulibadilishwa, cha kufunga kikawa cha kwanza kutoka ukingoni, kama kwenye Mac. Upande wa kushoto ukabaki.

Kinachonivutia katika mzozo ule ni jinsi ulivyoisha kwa mtu mmojammoja. Amri moja ya kuandika upya mstari wa GConf, na vitufe vilirudi kulia papo hapo, bila kuzima mashine, bila ruhusa ya Shuttleworth. Mwenye mradi aliamua hali ya kuanzia. Hakuweza kuamua zaidi ya hapo, kwa sababu fremu ilikuwa bado inachorwa na Metacity au na msimamizi mwingine, Compiz, na wote wawili walisoma mstari uleule. Hata Google Chrome, ambayo kwenye Linux ilikuwa inachora upau wake yenyewe ili vichupo vipande hadi juu ya dirisha, ilikuwa na msimbo wa kuusoma mstari wa GConf na kuvipanga vitufe vyake ipasavyo, mbali na kuwa na chaguo la kumrudishia msimamizi kazi ya fremu. Kwa maana hiyo mwaka 2010 ni mwaka ambao mfumo wa zamani ulifanya kazi yake sawasawa. Ulipishana na mamlaka, ukaumia kidogo, ukasimama.

Ulianza kuyumba mwaka uliofuata, na safari hii kelele zilikuwa ndogo kuliko uzito wa jambo. Ubuntu 11.04, ya Aprili 2011, ilikuja na Unity kama eneokazi la kawaida. Katika Unity dirisha likitanuliwa upau wake ulimezwa na paneli ya juu ya skrini, na vitufe vikahamia kwenye kona ya kushoto ya paneli hiyo. Kwa skrini fupi za kompyuta ndogo ulikuwa ubunifu mzuri, ulirudisha sentimita iliyokuwa ikipotea. Lakini sasa aliyechora vitufe hivyo hakuwa msimamizi, alikuwa Unity yenyewe, na paneli yake haikuusoma mstari wa nukta mbili. Aliyetaka vitufe vyake kulia alivipata kulia dirisha likiwa dogo, na kushoto likiwa limetanuliwa. Shuttleworth, aliyeshindwa kuufunga mlango kwa tamko mwaka 2010, aliufunga bila tamko kwa kubadilisha mkono unaochora. Sidai kwamba hiyo ilikuwa nia yake. Dai langu ni kwamba nia haikuhitajika.

Hapa atainuka msomaji mwenye haraka na kuuliza kama kweli hili ni jambo la kuandikia historia. Mwaka 1957 C. Northcote Parkinson aliandika juu ya kamati inayopitisha kinu cha nyuklia kwa dakika chache kisha ikabishana muda mrefu juu ya kibanda cha baiskeli, kwa kuwa kibanda kila mmoja anakielewa. Na watu wa programu huria wanaupenda mfano huo kiasi kwamba wamelifanya jina la kibanda kuwa tusi. Vitufe, atasema, ni kibanda cha baiskeli. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba watu walikimbilia kubishana juu ya vitufe kwa sababu ni rahisi kuwa na maoni juu yake. Lakini kibanda cha Parkinson hakigusi kazi ya mtu, na kitufe kinaigusa kila siku mara nyingi. Mkono hujifunza mahali pa msalaba bila kuuliza ubongo, na ukihamishwa, mkono huendelea kwenda pale pa zamani kwa majuma. Tena matendo hayo matatu hayana uzito sawa: ukikosea kati ya kushusha na kutanua hupotezi kitu, ukikosea kati ya kushusha na kufunga unaweza kupoteza kazi. Mahali pa kitufe cha hatari si suala la urembo. Zaidi ya hayo, mfano wa Parkinson unageuka dhidi ya anayeutumia: wakati umma ulipokuwa ukigombea kushoto na kulia, kinu chenyewe, yaani swali la mchoraji wa fremu, kilipita bila kujadiliwa nje ya duara dogo la wahandisi.

GNOME nayo ilikuwa njiani. Toleo la 3.0, la Aprili 2011, liliondoa kabisa vitufe vya kushusha na kutanua, kikabaki cha kufunga peke yake. Hoja yao ilikuwa na mantiki inayoshikana: orodha ya madirisha ya chini ya skrini imeondolewa, kwa hiyo dirisha likishushwa halina mahali pa kushukia, na kutanua kunafanyika kwa kulivuta dirisha hadi juu au kuubofya upau mara mbili. Waliolalamika walisema kwamba kuliondoa dirisha machoni ni tendo lenye maana yake hata kama hakuna sehemu ya kuliweka, na sioni walivyojibiwa vya kutosha. Baadhi yao walihamia MATE, iliyoendeleza GNOME ya zamani, wengine Cinnamon ya Linux Mint, wengine Xfce. Hata hivyo, kwa kipimo changu, badiliko hili lenye kelele lilikuwa dogo. Msimamizi aliendelea kuchora fremu, mstari wa nukta mbili uliendelea kusomwa, na programu ya marekebisho iliyoitwa Tweak Tool iliweza kukurudishia vitufe vyako bila kugusa amri. Waliokasirishwa na GNOME 3.0 walikasirishwa na hali ya kuanzia.

Badiliko kubwa lilikuja Septemba 2013, katika GNOME 3.10, likiwa limevaa vizuri. Wabunifu walitazama dirisha la kawaida wakaona tabaka juu ya tabaka: upau wa kichwa wenye jina tu, chini yake menyu, chini yake upau wa zana. Wakaviunganisha kuwa upau mmoja mnene, wenye vitufe vya kazi vya programu na kitufe cha kufunga pamoja. Ni sura nzuri, na inaokoa nafasi. Lakini msimamizi hawezi kuchora vitufe vya kazi vya programu asiyoijua, kwa hiyo upau mzima ulilazimika kuchorwa na programu yenyewe kupitia maktaba ya GTK. Mpangaji alijengewa uwezo wa kubeba mlango wake. Ushahidi wa kilichotokea kwa mstari wetu upo kwenye tarehe: mpangilio rasmi wa GTK unaoamua mahali pa vitufe kwenye pau hizo, wenye sarufi ileile ya nukta mbili, uliingizwa katika toleo la 3.12, mwaka 2014. Kwenye X ya zamani uhuru ulikuwepo bila mtu kuukumbuka. Sasa ulihitaji mtu aukumbuke, auandikie msimbo na kuutunza, na ulifanya kazi kwa programu zilizojengwa juu ya maktaba hiyo tu. Kila maktaba nyingine, kila kivinjari, kila mchezo uliojichorea upau, ulipaswa kulikumbuka jambo hilo upya.

Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuirithi X, iliufanya mwelekeo huu kuwa kanuni. Itifaki yake ya msingi haina mtu wa tatu wa kuvisha fremu: programu inakabidhi picha iliyokamilika, mipaka ikiwemo, na mfumo unaiweka kwenye skrini. Martin Gräßlin, aliyekuwa akiitunza KWin, msimamizi wa madirisha wa KDE, alipinga kwa hoja mbili za maana. Ya kwanza ni kwamba fremu zitaachana sura na tabia, kila programu na yake. Ya pili ni kwamba programu ikiganda, kitufe chake cha kufunga kitaganda nayo, kwa sababu sasa ni sehemu ya programu iliyoganda. Watetezi wa upande wa pili walijibu kwamba mfumo unaweza kuigundua programu isiyojibu na kumpa mtumiaji kisanduku cha kuiua, na jibu hilo ni sahihi kwa hoja ya pili. Kwa ile ya kwanza jibu lao ni kwamba programu ni kazi ya mbunifu wake, na mbunifu ana haki ya kazi yake kuonekana alivyoikusudia. Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote. Mwandishi wa programu naye ni mtu, na vitufe vikihamishwa bila yeye kujua, upau wake wenye nafasi zilizopimwa unaweza kuharibika. Lakini haki ya mbunifu inaishia kwenye kilicho chake. Kuhifadhi, kutafuta, kurudi nyuma, hayo ni ya programu. Kufunga, kushusha na kutanua ni matendo ya mtu juu ya meza yake yenye madirisha ya wabunifu ishirini tofauti, na yanahitaji kuwa mahali pamoja kwa wote ishirini. Hilo hakuna mbunifu mmojammoja anayeweza kulihakikisha, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Kilichofuata ni mapatano ya nusunusu. Mwaka 2018 itifaki za nyongeza za Wayland zilipokea moja inayoiruhusu programu na mfumo kuulizana nani achore fremu. KDE inaitumia, na mifumo inayopanga madirisha kwa vigae kama Sway inaitumia. Mutter, msimamizi wa madirisha wa GNOME, haijaikubali, ikishikilia kwamba kuchora ni kazi ya programu. Waandishi wa michezo na vichezeshi vya video, ambao maktaba zao hazikuwahi kujua kuchora upau, wakajikuta dirisha lao kwenye GNOME likiwa uchi, bila pa kulishika. Ndiyo sababu ikaandikwa maktaba ndogo ya libdecor ya kuwavisha, na SDL, inayobeba michezo mingi, ikaanza kuitumia. Fundi wa fremu aliyeondolewa mlangoni amerudi kwa mlango wa nyuma, ila sasa anafanya kazi ndani ya kila programu, nakala baada ya nakala.

Ubuntu yenyewe ilirudi ilikotoka. Tarehe 5 Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kuiacha Unity, na toleo 17.10 la Oktoba mwaka huo lilikuja na GNOME, vitufe vitatu vikiwa kulia, baada ya miaka saba na nusu ya kushoto. Haikuwa GNOME jinsi ilivyotoka kwa waundaji wake, maana hao wangempa mtu kitufe kimoja tu. Ubuntu iliuandika upya ule mstari kwa niaba ya watumiaji wake, na programu za GTK zikatii. Katika GNOME isiyoguswa thamani ya kuanzia ni appmenu:close. Neno la kulia linaeleweka. La kushoto linataja menyu ya programu, ambayo mradi uliistaafisha katika toleo la 3.32 mwaka 2019, na likabaki palepale kabla ya nukta mbili, likishika nafasi ya kitu ambacho programu zenyewe zimekwisha kuacha kukionyesha.